Somo la Mkono la Mwalimu Nyaguthii

Ukitaka kumjua Mwalimu Nyaguthii, anzia mkononi. Mkono wake ni mfupi na mpana, umekauka kwa miaka ya kukaza mabomba, na akikusalimia unajua kweli umesalimiwa. Hadi mwaka jana, kila mwanafunzi mpya wa ufundi wa maji katika kile chuo kidogo cha Kitengela alikutana na mkono huo kabla hajaonyeshwa hata spana. Mwalimu alisimama mlangoni mwa karakana na sweta lake la kijani, na kila aliyeingia alilazimika kumpa mkono, kumtazama machoni na kutaja jina lake kwa sauti ya kufika ukuta wa nyuma. Aliyenong'ona alirudishwa nje aingie upya. Siku hizi anafanya tofauti kidogo, na sababu ya tofauti hiyo ni msichana anayeitwa Naeku.

Lakini kwanza tumtendee haki mwalimu. Hakuwa mtu wa kutesa watoto wa watu kwa ajili ya mchezo. Yeye mwenyewe alisomea kazi hiyo hiyo kule Nyeri akiwa msichana, akarudi nyumbani na cheti, na cheti kikalala kabatini huku yeye akiuza sukuma wiki kando ya barabara. Kazi aliijua. Kilichomshinda ni mlango wa kubisha, na kila alipobisha, aliyefungua alichungulia nyuma yake kutafuta fundi mwanamume. Mwishowe fundi mmoja aliyeitwa Wasike alimkubali awe wa kumbebea mabomba, na ilikuwa humo humo katika kubeba ndipo watu wakagundua kwamba mbebaji anajua kuyaunganisha kuliko walivyodhani.

Alipohamia Kitengela na kuwa mwalimu, alijiapiza kwamba hakuna cheti cha mwanafunzi wake kitakachozeekea kabatini. Wengine wakimaliza kufundisha hufunga karakana na kwenda nyumbani. Yeye akimaliza ndipo anapoanza. Humchukua mhitimu, akamwambia avae shati safi, akaongozana naye hadi mbele ya mwajiri, na akasimama hapo hapo nyuma yake kama shangazi wa bibi arusi mpaka neno la mwisho lisemwe. Walimu wenzake humtania kwamba atafukuzwa saiti siku moja kwa kusumbua. Yeye huwajibu kwamba kumfundisha mtu kisha kumwacha getini ni kupika halafu kuwaacha watu wakinusa.

Sasa, lile somo la mkono lilizaliwa kwa Macharia. Macharia ni kontrakta wa maghorofa, mtu mnene mwenye haraka, na Nyaguthii alimpelekea vijana wawili wa Kimaasai, mmoja wao Timothy, ambaye alikuwa na mkono mwepesi wa kazi kuliko wote mwaka huo. Vijana walifika mbele ya Macharia, wakainamisha vichwa, wakajibu kwa sauti za chini chini. Macharia alimvuta mwalimu kando.

"Mwalimu, hawa vijana wako wameiba nini?"

"Waibe nini, Macharia? Si ndio wamefika tu."

"Sasa mbona hawawezi kuniangalia? Namuuliza jina, anaangalia kiatu. Mimi niko na simiti ya watu hapa, niko na vyuma. Siwezi kuweka mtu wa kuangalia chini."

Nyaguthii aliwatetea mpaka akachoka, na wakarudi wote watatu wakila vumbi la malori. Baada ya hapo akaanza kulisikia neno hilo kila mahali. Wenye maduka ya vifaa walisema vijana wake wamelala. Wenye mashamba ya maua walisema hawajiamini. Basi akaweka somo kila Ijumaa alasiri. Kichwa juu, macho kwa unayemsalimia, mkono uwe imara, jina kabla hujaulizwa. Timothy alifanyishwa mazoezi kwa wiki kadhaa, akarudi kwa Macharia kichwa juu, akaajiriwa siku hiyo hiyo. Leo ndiye anayesimamia mabomba yote ya Macharia. Sifa za mwalimu zikaenea, waajiri wakaanza kumpigia simu wenyewe, na Nyaguthii, ambaye si malaika, akajiona kidogo.

Kitu kimoja tu hakuuliza. Hakuuliza vile vichwa vilikuwa vinainama kwa nini. Alidhani ni woga, na woga aliujua tangu siku za sukuma wiki, kwa hiyo akautibu kwa wanafunzi wake kama alivyoutibu wake mwenyewe.

Naeku aliletwa chuoni na mama yake, Nasieku, kutoka mbali upande wa Mashuuru. Alikuwa msichana mrefu, mkimya, mwenye mwanya. Alipofika mlangoni mwa karakana alimsogelea mwalimu, akainamisha kichwa mbele yake na kukaa hivyo, akingoja. Nyaguthii alimwekea kidole chini ya kidevu, akamwinua.

"Hapa hatutafuti kitu kwa sakafu, mami. Juu!"

Darasa likacheka. Naeku naye akacheka, akiwa amechelewa kidogo kuliko wengine. Mama yake aliyekuwa amesimama nje na mkoba wa nguo alitazama yote hayo, akauweka mkoba chini, akaaga.

Kumbe msichana alikuja na shabaha yake. Kwao kuna kisima kirefu kinachoendeshwa na jenereta, na pampu yake ina tabia ya kufa wakati wa kiangazi. Kabla hawajapata fundi wa kukaa nayo, ikifa watu walingoja mmoja atoke mjini, ng'ombe wakilia usiku na mchana, na akina mama wakirudi kwenye mwendo mrefu wa mtungi. Naeku aliukuta mwendo huo akiwa mdogo na hakuusahau. Wenzake walitaka kuweka vyoo vya kisasa katika nyumba za Kitengela. Yeye alitaka kujua pampu, na alikuwa akibaki karakana saa ya chakula kuifungua ile mbovu ya kufundishia, akivipanga vipande vyake juu ya gunia kwa utaratibu wa mtu anayepanga vyombo vya mama yake.

Kwenye mabomba hakuwa na shida. Somo la Ijumaa ndilo lililomtesa. Macho yake yalikuwa yakipanda yanafika kwenye kola ya mtu, yanateleza. Nyaguthii akawa anabaki naye, wakinywa chai ya thamosi, wakisalimiana tena na tena kama vichaa wawili. "Naitwa Naeku." "Sijasikia." "Naitwa Naeku!" Wakatunga hata ishara yao. Mwalimu akiinua kidevu chake kidogo, Naeku anajua ni wakati wa kuinua chake. Nyaguthii ana wana wawili wakubwa walio mbali, hakujaliwa binti, na ukweli ni kwamba alimpenda msichana huyu zaidi ya ilivyo haki kwa mwalimu kumpenda mwanafunzi mmoja.

Siku ya kuhitimu Naeku alimpa mkono mbele ya watu wote, macho kwa macho, na mwalimu akatokwa na machozi bila aibu.

Kazi, hata hivyo, haikuja. Mwajiri mmoja aliusifu sana mkono wake kisha akasema saiti yake haina choo cha wanawake. Mwingine alimchukua, na akamweka kuwapikia mafundi chai. Mwalimu alipopita kumwona na kumkuta na sufuria, alimtoa hapo mwenyewe kwa maneno ambayo hayafai kuandikwa. Miezi ikapita. Naeku akaweka spana zake kwenye gunia chini ya kitanda, akawa anafulia watu nguo. Mwishowe rafiki yake Caro akamtafutia kazi ya nyumbani kwa mama mmoja kule Laiser Hill, aanze Jumatatu. Alipompigia mwalimu kumwarifu, alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, na sauti hiyo ya kawaida ndiyo iliyomchoma Nyaguthii. Alikiona kile cheti chake cha zamani ndani ya kabati.

Na wiki hiyo hiyo, kana kwamba mtu alikuwa akisikiliza, ujumbe ukatoka Mashuuru. Ngui, fundi aliyekuwa akikaa na ile pampu, anarudi kwao Makueni kumtunza baba yake. Kamati ya maji imesikia kwamba binti wa Nasieku alisomea maji. Aje Ijumaa, wazee wamwone.

Nyaguthii aliliahirisha somo la Ijumaa kwa mara ya kwanza tangu alianzishe. Walifika Kajiado mapema, wakapata gari dogo la kuelekea Mashuuru, na mahali gari lilipowaacha wakatembea. Naeku alikuwa amevaa shati lake safi, gunia la spana begani. Njiani aliuliza jambo moja.

"Mwalimu, nikifika huko nisalimie aje?"

"Si unajua? Vile tu tulifanya."

Naeku akahamishia gunia bega la pili, wakaendelea kutembea.

Kisima kiko peupe. Tenki la chuma juu ya miguu mirefu, kibanda cha mabati chenye jenereta na swichi, na mabirika ya simiti ya kunyweshea mifugo. Wazee watatu wa kamati walikuwa wameketi kwenye viti vya plastiki katika kivuli cha tenki. Ngui alikuwa kibandani na ovaroli lake, tayari amefungua mlango wa sanduku la swichi ili mgeni aonyeshwe, na alipowaona akatabasamu.

Katikati aliketi Mzee Metito, mwenyekiti, mzee sana, shuka begani na fimbo magotini. Alipomwona Naeku akija alimtambua, uso ukamlainika, akainua mkono wake wa kulia polepole, kiganja kikitazama chini. Nyaguthii aliuona mkono huo, akadhani wanapungiwa, naye akapunga kwa furaha.

Naeku alisimama hatua chache kabla ya kufika. Akageuka, akamtazama mwalimu wake. Nyaguthii akadhani msichana ameingiwa na woga, akampa ile ishara yao, akainua kidevu.

Basi Naeku akainua chake. Akatembea hadi mbele ya Mzee Metito, akamtazama machoni, akanyoosha mkono.

"Habari yako, mzee. Mimi naitwa Naeku. Mimi ni fundi wa pampu na maji."

Mkono wa mzee ukabaki hewani, pale juu ulipokuwa. Kisha ukashuka, ukampa Naeku ncha za vidole, ukarudi kwenye fimbo. Nyuma yao, Mwalimu Nyaguthii alikuwa karibu apige makofi. Tangu aanze kufundisha hakuwahi kuona salamu iliyonyooka namna ile.

Mzee Metito alisema maneno machache ya Kimaa kwa wenzake. Chai ikaletwa, ikanywewa. Wakaulizwa habari za safari na za mvua huko Kitengela. Hakuna aliyeuliza habari za pampu. Chai ilipoisha, mzee akasema kwa upole, "Tumeona nyinyi. Mwende salama." Kule kibandani Ngui aliwatazama wazee, kisha akaufunga mlango wa sanduku la swichi.

Walipoondoka Nyaguthii alikuwa akiongea bila kupumua. Wewe umeona vile walinyamaza? Hawajawahi kuona msichana kama wewe. Ngoja tu, jioni watapiga simu. Naeku alitembea naye mpaka tenki likawa dogo nyuma yao, halafu akaweka gunia chini.

"Mwalimu, wamekataa."

"Nani amekataa? Umeongea vizuri kushinda hata Timothy."

"Wamekataa. Ngui amefunga ile mlango. Hukuona?" Alikuwa analia sasa, bila kelele. "Ule mkono mzee aliinua, ilikuwa ya kichwa yangu. Kwetu ukifika kwa mzee unainamisha kichwa, yeye anakuwekea mkono. Hiyo ndio salamu. Mzee Metito ni rika ya babu yangu. Tangu nizaliwe sijawahi kumpa mkono."

Nyaguthii alihisi uso ukiwaka moto. "Haiya! Na wewe si ndio unajua hiyo? Mbona hukuinama?"

"Niligeuka nikakuona. Ukanifanyia hivi." Naeku akainua kidevu chake. "Nikaona nikiinama, utafikiri ile yote ulinifundisha ni bure. Sikutaka usikie vibaya, mwalimu. Umetoka mbali na mimi."

Mwalimu Nyaguthii alilitazama gunia la spana pale chini. Alikuwa amefanya kazi miaka yote hiyo ili msichana kama huyu apate mlango, na msichana alikuwa ameuacha mlango wake mwenyewe ufungwe ili mwalimu asiumie. Aliona aibu, na ndani ya aibu hiyo aliona amependwa, na vyote viwili vilimuuma pamoja.

"Timothy naye?" akauliza mwishowe. "Siku ile kwa Macharia?"

"Sisi wote."

"Na hakuna hata mmoja aliniambia."

"Wewe ni mwalimu. Tungekuambia aje?"

Wakiwa wamesimama hapo, Nasieku akatokea njiani, amekuja kuwapokea, kibuyu cha maziwa mkononi. Alizitazama nyuso zao, akauliza kwa Kimaa, na Naeku akajibu kwa kifupi. Nasieku hakukasirika. Alimgeukia Nyaguthii na kusema polepole, akitafuta Kiswahili chake.

"Mwalimu, siku ile nilileta yeye shule, aliinamia wewe. Wewe ukainua yeye kichwa. Mimi nikasema labda kwa shule inakuwa hivyo."

"Na mimi nikafanya nini hapo?" Nyaguthii akauliza, ingawa alikwisha kujua.

"Ulikataa salamu yake. Lakini hukujua," alisema Nasieku, na akaufunika mkono wa mwalimu kwa wake.

Nyaguthii alichukua mkoba wake, akageuka, akaanza kurudi kisimani. Hakueleza anaenda kufanya nini, na kusema kweli hakuwa na hakika. Naeku na mama yake walimfuata kwa mbali.

Ng'ombe walikuwa wamefika mabirikani, vumbi limetanda, na wazee walikuwa pale pale wakiwatazama wakinywa. Wachungaji walinyamaza walipomwona yule mama mfupi wa sweta la kijani akirudi mwendo wa mtu anayedai kitu. Alifika mbele ya Mzee Metito. Akaweka mkoba chini. Akafungua kitambaa chake cha kichwani, akakishika mkononi, na mbele ya wazee, wachungaji, Ngui na ng'ombe, akainamisha kichwa chenye mvi na kungoja.

Hakuna aliyesogea. Nyaguthii aliviona viatu vyake mwenyewe na kwato za ndama, akawaza kwamba hiki ndicho alichokiona Timothy siku ile, kiatu na vumbi, na moyo uliokuwa unadunda kwa heshima na si kwa woga.

"Mwalimu," Mzee Metito akasema, "wewe si mtoto."

"Kwa shule yenu mimi ni mtoto, mzee. Hata nasari sijafika."

Mmoja wa wazee akakohoa kicheko. Kisha mkono mkavu, mwepesi, ukatua juu ya kichwa chake na kukaa.

"Takwenya," mzee akamsalimia kwa Kimaa.

Nyaguthii hakujua la kujibu. Ngui akamnong'oneza kutoka kibandani, "Sema iko."

"Iko," akasema. Baba yake alikufa yeye akiwa shule ya msingi. Hakukumbuka ni lini mara ya mwisho mtu mkubwa kuliko yeye alimwekea mkono kichwani, na hakuwa amejua kwamba alikuwa akiukosa.

Akaletewa kiti. Akawaeleza yote, bila kujipamba. Kwamba kosa halikuwa la Naeku bali lake. Kwamba waajiri wa Kitengela walikuwa wakiwafukuza watoto wao, na yeye akatafuta dawa bila kuuliza ugonjwa.

"Watu wenu," Mzee Metito akauliza, "wakiona kijana ameinama, wanafikiria nini?"

"Wanafikiria ameiba."

Wazee walicheka mpaka mmoja akajifuta macho kwa shuka. Mzee Metito alicheka nao, kisha akanyamaza mapema kuliko wenzake.

"Na sisi tukiona ile kichwa juu," akasema, "tunafikiria huyu amekwisha kutuacha. Kabla ya Ngui tulikuwa na kijana alisoma. Alikuja hivyo hivyo, mkono mbele. Kiangazi ikafika, akapata kazi Nairobi, akaenda bila kuaga mtu. Ng'ombe wakakufa hapa, hapa mbele yako. Mimi sikukasirikia mtoto wa Nasieku. Niliona tu ako njiani anaenda."

Nyaguthii alitaka kusema mengi. Akasema, "Mzee, hii pampu ndio ilimleta shule. Hakuna kitu ingine."

Mzee alitazama kule Naeku aliposimama na mama yake. Akainua mkono wa kulia, kiganja kikitazama chini, kama alivyouinua asubuhi.

Naeku alikuja. Safari hii hakumtazama mwalimu. Alifika, akainama, na mkono ukamwekewa, ukakaa muda mrefu huku mzee akisema maneno ya Kimaa ambayo Nyaguthii hakuyaelewa isipokuwa enkerai, mtoto, neno alilokuwa amelisikia kwa wanafunzi wake. Mzee alipoondoa mkono wake, alifanya jambo ambalo lilimshangaza hata Ngui. Aliunyoosha mbele.

"Sasa nionyeshe ile ya Kitengela," akasema. "Kama utakuwa fundi yetu, watu wa kuuza pampu watakuja hapa kutudanganya. Nataka kuona vile utawaangalia."

Naeku aliinua kichwa, akamtazama mzee wa rika ya babu yake machoni, akamshika mkono barabara. Mzee akavuta pumzi. "Uui, hii ni mkono," akasema, na wachungaji wakapiga mbinja.

Yaliyobaki yalikuwa kazi. Ngui alifungua mlango wa sanduku la swichi kwa mara ya pili, akasema atakaa mpaka mwezi uishe amwonyeshe mazoea ya mashine hiyo, maana kila pampu ina ukaidi wake. Naeku akafungua gunia, akapandisha mikono ya shati lake safi, akaingia kibandani, na sauti yake ikasikika ikiuliza hili na lile, juu, ya kufika ukuta wa nyuma. Nyaguthii alikunywa maziwa ya Nasieku na kujifanya anatazama ng'ombe.

Jua lilipoanza kulegea, Ngui alisema kuna gari la mwisho. Naeku alimsindikiza mwalimu hadi barabarani, akiwa ameshika simu begani kwa shavu.

"Caro? Ambia huyo mama wa Laiser Hill atafute mtu mwingine. Eeh. Nimepata. Hapa kwetu. Pampu, Caro, pampu!"

Gari lilionekana mbali na vumbi lake. Nyaguthii, kwa mazoea ya miaka yote, alinyoosha mkono wa kuagana, imara, mbele. Naeku aliutazama mkono huo, akatabasamu na ule mwanya wake. Kisha akasogea karibu, akainamisha kichwa mbele ya mwalimu wake na kukaa hivyo, akingoja, kama alivyongoja siku ya kwanza mlangoni mwa karakana.

Nyaguthii aliugeuza mkono wake, kiganja chini. Ukapanda, ukatua juu ya nywele za msichana, ambazo tayari zilikuwa na vumbi na harufu ya grisi.

"Takwenya," akasema, kwa matamshi mabaya kabisa.

"Iko, mwalimu," akajibu Naeku.

Gari lilifika, likapiga honi, na dereva alilazimika kupiga tena.